Kupima Kanuni za Mizani kwa Maneno ya Nasibu: Somo Kutokana na Tungo za Kiamu

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna kanuni ya kuhesabu mizani katika tungo za Kiswahili inavyoweza kujaribiwa kwa maneno yanayozalishwa kwa nasibu na kompyuta, kwa kutumia lugha ya programu ya jamii ya Lisp. Mifano imetolewa katika lahaja ya Kiamu, ambayo ni mojawapo ya lahaja zilizobeba tungo kongwe za Kiswahili. Makala yanaonyesha kwamba jaribio la nasibu lina nguvu kubwa ya kufichua kasoro za kanuni, lakini halina uwezo wa kumfahamisha mtafiti jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitia katika jaribio. Hatari ya kulisahau hilo inamwangukia mshairi: mshororo uliotungwa sawasawa huweza kutangazwa kuwa mbovu, ukasahihishwa, na kuharibiwa.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hukutana na mizani mapema sana. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, hesabu ya mizani imekuwa mojawapo ya mambo ya kwanza yanayofundishwa na kutahiniwa. Mwanafunzi huambiwa kwamba mizani ni idadi ya silabi katika mshororo au kipande, kisha hupewa ubeti na kuagizwa ahesabu. Kazi hiyo huonekana nyepesi mno hata ikadhaniwa kuwa haihitaji nadharia yoyote.

Wepesi huo hutoweka mara tu kazi hiyo inapokabidhiwa kompyuta. Kompyuta haina sikio. Haijui kwamba "mtu" hutamkwa kwa mapigo mawili, wala haijui kwamba "mbu" wa kwanza katika "mbuzi" si sawa na "mbu" wa kwanza katika "mbuyu". Kila jambo ambalo mzawa wa lugha hulijua bila kujua kwamba analijua, halina budi kutamkwa wazi. Kwa hiyo kuiandikia kompyuta kanuni ya mizani ni njia moja ya kuipima kanuni yenyewe: je, yale tunayofundishana darasani yanatosha kuhesabia mizani, au tunayakamilisha kwa siri kwa ujuzi wa masikio yetu?

Makala yanaanza kwa kueleza mahali pa mizani katika tungo za funguvisiwa la Lamu, kisha yanafafanua mbinu ya upimaji wa sifa kwa thamani za nasibu. Baada ya hapo, kanuni ya mizani inajaribiwa hatua kwa hatua hadi inapofikia ukomo wake.

2.0 Mizani katika Tungo za Lamu

Funguvisiwa la Lamu, lenye visiwa vya Lamu, Manda, Pate na vinginevyo, ni chimbuko la sehemu kubwa ya tungo kongwe za Kiswahili zilizotufikia. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, unahusishwa na mwaka 1728. Al-Inkishafi ni utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, kwa ajili ya binti yake.

Tungo hizi hazifuati bahari moja. Utendi wa kawaida una vipande vinne katika kila ubeti, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi katika beti zote. Al-Inkishafi, kwa upande wake, ina mishororo minne ya mizani kumi, na pumziko huja baada ya mizani ya sita. Idadi hizi si pambo. Ndizo zinazoufanya utungo uchukuane na mahadhi yake unapoghaniwa.

Tungo hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadhi yake zimetufikia kupitia kalamu za wanakili. Mashuhuri miongoni mwao ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alifanya kazi na wataalamu wa kigeni kama William Hichens na Ernst Dammann. Wahariri waliozihamishia tungo hizo katika hati za Kirumi walikabiliwa na maamuzi mengi. Hati za Kiarabu katika matumizi yake ya zamani hazikutofautisha daima i na e, wala u na o. Mara nyingi nazali iliyotangulia konsonanti nyingine haikuandikwa. Nafasi kati ya neno na neno nayo haikufuata desturi moja. Mhariri anapotatizwa na neno, mizani humsaidia kuamua: usomaji unaotimiza nane huchaguliwa, na usiotimiza huachwa. Basi kanuni ya mizani ikikosewa, hata usomaji wa matini hukosewa.

3.0 Upimaji wa Sifa kwa Thamani za Nasibu

3.1 Lugha ya mabano

Lisp ni mojawapo ya lugha kongwe za programu ambazo bado zinatumika. Ilibuniwa na John McCarthy nchini Marekani mwaka 1958, na imezaa lugha nyingi za ukoo wake, zikiwemo Scheme na Clojure. Sifa yake kuu ni kwamba kila kitu huandikwa kama orodha ndani ya mabano. Kitu cha kwanza katika orodha ni jina la kazi inayofanywa, na vinavyofuata ni vitu vinavyofanyiwa kazi hiyo. Kwa mfano:

(jumlisha 3 4)

Jibu la orodha hii ni 7. Majina ya Kiswahili yaliyotumika hapa si mzaha. Lugha za jamii ya Lisp humruhusu mwandishi kujiundia msamiati wake, hata wa maneno ya msingi ya lugha yenyewe. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuandika programu inayosomeka Kiswahili. Huu ni msimamo anaoukumbusha Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, ambaye alipounda istilahi, kama vile "runinga", alishikilia kwamba lugha yenyewe ichokorwe kwanza kabla ya kukopa.

Tuseme basi kwamba imeandikwa fanksheni iitwayo mizani, yaani kanuni inayopokea neno na kurudisha idadi ya mizani zake:

(mizani "kanena")

Jibu linalotarajiwa ni 3.

3.2 Sifa, kizalishi na kusinyaza

Njia ya kawaida ya kuijaribu fanksheni hiyo ni kuipa maneno machache ambayo majibu yake yanajulikana. "Kanena" ni 3, "samaki" ni 3, "mtu" ni 2. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mtahini huchagua maneno aliyoyafikiria. Kasoro kwa kawaida hujificha katika maneno ambayo hakuyafikiria.

Mwaka 2000, Koen Claessen na John Hughes, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Uswidi, walichapisha zana iitwayo QuickCheck kwa ajili ya lugha ya Haskell. Wazo lake limeenea tangu hapo katika lugha nyingi, zikiwemo za jamii ya Lisp. Badala ya kutaja mifano, mtahini hutaja sifa, yaani kauli inayopaswa kuwa kweli kwa kila thamani. Kisha kompyuta huzalisha thamani nyingi kwa nasibu na kutafuta hata moja inayoikanusha kauli hiyo.

Mbinu hii ina nguzo tatu. Nguzo ya kwanza ni sifa yenyewe. Ya pili ni kizalishi, yaani sehemu ya programu inayounda thamani za nasibu. Ya tatu ni kusinyaza. Kompyuta ikipata thamani inayoikanusha sifa, haiishii hapo. Huipunguza hatua kwa hatua, ikiondoa kila kisichohitajika, hadi ipate thamani ndogo kabisa ambayo bado inaikanusha. Neno refu la silabi tisa lisilosomeka hupunguzwa hadi kubaki kiini cha tatizo. Kitendo hiki hakina tofauti na cha mwanaisimu anayetafuta jozi pambanuzi: huondoa kila kisichohusika mpaka tofauti moja ibaki ikionekana.

Kwa nini nasibu, na si maneno yote? Zikichukuliwa konsonanti 20 na irabu 5, zinapatikana silabi wazi 100. Maneno ya silabi nne yanayoweza kuundwa kwazo ni 100,000,000, na vipande vya mizani nane ni vingi kiasi cha kutohesabika kwa subira ya binadamu. Nasibu huchota sampuli. Lakini sampuli ina mipaka yake. Kama kasoro inajitokeza katika neno 1 kati ya 100, majaribio 100, ambayo ndiyo idadi ya kawaida ya QuickCheck, yana uwezekano wa takribani asilimia 37 wa kuikosa. Majaribio yakiwa 1,000, uwezekano huo hushuka hadi takribani 4 kati ya 100,000. Kwa hiyo kauli "imefaulu majaribio" haina maana mpaka ielezwe ni majaribio mangapi, na maneno yalizalishwa vipi. Swali hili la pili ndilo zito zaidi, kama sehemu zinazofuata zitakavyoonyesha.

4.0 Kanuni ya Mizani Ikijaribiwa

4.1 Kila irabu ni mizani

Kanuni nyepesi kuliko zote husema: hesabu irabu. Neno "kanena" lina irabu tatu, hivyo lina mizani tatu. Ili kuijaribu, kizalishi hutengenezwa kiunde orodha ya silabi wazi, kisha kiziunganishe kuwa neno. Uzuri wa mpango huu ni kwamba jibu linajulikana kabla ya swali kuulizwa, kwa sababu urefu wa orodha ndio idadi ya mizani:

(kwa-kila (silabi (orodha-ya silabi-wazi))
  (sawa (mizani (unganisha silabi))
        (urefu silabi)))

Sifa hii inasema: kwa kila orodha ya silabi wazi, mizani za neno linaloundwa kwa kuziunganisha ni sawa na urefu wa orodha hiyo. Ikijaribiwa mara 100 au mara 1,000, itafaulu zote. Mtahini asiye mwangalifu angefurahi. Hata hivyo, kufaulu huku hakujaonyesha lolote. Kizalishi kimeunda silabi zenye irabu tu, na fanksheni imehesabu irabu tu. Wote wawili wamefundishwa na mwalimu mmoja, na wote hawajasikia habari za "mtu".

4.2 Nazali inayosimama peke yake

Kizalishi kikipanuliwa ili mara kwa mara kitangulize m mbele ya silabi inayoanza kwa konsonanti isiyo b, v, w wala y, sifa ileile inaanguka mara moja. Kompyuta inaweza kulikuta neno refu kama "zofamtelika", lakini baada ya kusinyaza, kitakachobaki ni umbo fupi mfano wa "mta". Orodha yake ina vitu viwili, m na ta, ilhali fanksheni imehesabu irabu moja. Hapo mtahini hulazimika kuandika kanuni ya pili: m inayofuatwa na konsonanti ya namna hiyo ni mizani kamili. Ndiyo sababu "mwanamke" ina mizani nne: mwa-na-m-ke.

Zinabaki nazali zinazoungana na konsonanti inayofuata, kama katika mb, mv, nd, ng, nj na nz. "Shamba" ni sha-mba, "nguo" ni ngu-o, "mbuzi" ni mbu-zi. Hizi hazihesabiwi peke yake. Lakini neno likiwa na irabu moja tu, nazali hupata uzito wake: "mbwa" ni m-bwa, "nge" ni n-ge, "nzi" ni n-zi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno haya hakuna silabi nyingine ya kuubeba isipokuwa nazali. Kwa hiyo kanuni ya tatu inaandikwa: nazali ya kundi kama mb haihesabiwi, isipokuwa neno lina irabu moja.

4.3 Sifa ya kujumlisha

Sifa nyingine inayoonekana kuwa kweli bila ubishi ni hii: mizani za maneno mawili yakiandikwa pamoja ni sawa na jumla ya mizani za kila moja. Msomaji yeyote wa ushairi angeikubali. Hata hivyo, fanksheni yenye kanuni tatu zilizotajwa ikijaribiwa kwa jozi za maneno ya nasibu, huanguka, na baada ya kusinyaza hubaki jozi hii:

"mba" na "a"

Likiwa peke yake, "mba" lina irabu moja, hivyo ni m-ba, mizani mbili. "A" ni mizani moja. Jumla ni tatu. Yakiandikwa pamoja kuwa "mbaa", irabu zinakuwa mbili, nazali inajiunga na b, na hesabu inakuwa mbili. Hakuna aliyekosea. Kilichofichuka ni kwamba kanuni ya tatu inategemea mahali neno linapoanzia na linapoishia.

Kwa msomaji wa kitabu kilichopigwa chapa, huu unaweza kuonekana kuwa uhodari usio na faida. Kwa msomaji wa miswada ya Lamu, si hivyo. Pale ambapo mwandishi wa hati hakuacha nafasi kati ya neno na neno kwa utaratibu mmoja, hesabu ya mizani haiwezi kutangulia uamuzi wa mipaka ya maneno. Mambo hayo mawili huamuliwa kwa pamoja. Jozi hiyo ndogo, iliyopatikana kwa bahati nasibu, imetaja kwa herufi nne tatizo halisi la uhariri.

4.4 Kutoka Kiamu kwenda Kiswahili sanifu

Wahariri na walimu hupenda kuzisanifisha tungo za kale ili zieleweke na wanafunzi. Nyuma ya desturi hiyo kuna sifa ambayo haitamkwi: kwamba kubadili neno la Kiamu kuwa la sanifu hakubadili idadi ya mizani. Sifa hii nayo inaweza kupimwa. Kizalishi hakiundi tena silabi za kubuni, bali huchagua kwa nasibu kutoka orodha ya jozi za maneno.

Katika nomino nyingi za kawaida, sifa hii husimama. "Mato" na "macho" ni mizani mbili mbili. Vivyo hivyo "moya" na "moja", "iwe" na "jiwe", "mai" na "maji", "mui" na "mji", "zuo" na "vyuo", "kitwa" na "kichwa". Konsonanti imebadilika au imedondoka, lakini pigo limebaki. Anayejaribu kwa nomino pekee ataondoka na hakika isiyo na msingi.

Kizalishi kikiruhusiwa kuunda vitenzi, kwa kuchagua kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati na mzizi, sifa inavunjika. Kusinyaza kunaleta jozi kama "kala" na "akala". Katika lugha ya tenzi, kiambishi a- cha nafsi ya tatu umoja hudondoshwa mbele ya -ka-. "Kanena" ni ka-ne-na, mizani tatu, na "akanena" ni a-ka-ne-na, mizani nne. Kwa upande mwingine, "wakanena" haina tatizo, kwa kuwa wa- haidondoshwi. Kusinyaza kumeonyesha kosa na pia mpaka wake: nafsi ya tatu, umoja, mbele ya -ka-. Kasoro nyingine hujitokeza katika hali timilifu ya kale, ambapo "wapete", yenye mizani tatu, husanifishwa kuwa "wamepata", yenye mizani nne.

Uchukuliwe mfano wa kipande kilichotungwa kwa ajili ya somo hili: "kanena na mui wake". Hesabu yake ni ka-ne-na-na-mu-i-wa-ke, mizani nane kamili. Kikisanifishwa kuwa "akanena na mji wake", kinakuwa na tisa. "Mui" kuwa "mji" hakukuleta madhara yoyote, lakini irabu moja iliyorudishwa mwanzoni imekitoa kipande katika bahari yake. Mwanafunzi atakayehesabu atahitimisha kwamba mshairi hakuzijua arudhi.

5.0 Mahali Nasibu Inaposhindwa

Hadi hapa, kila jaribio lililoanguka limefundisha jambo. Sasa inafaa kuangalia kasoro ambayo jaribio haliwezi kuiangusha.

Wanafunzi wa fonolojia wanalijua neno "mbuni". Likiwa na maana ya ndege mkubwa asiyeruka, ni mbu-ni, mizani mbili. Likiwa na maana ya mti wa buni, au mtu anayebuni, ni m-bu-ni, mizani tatu. Katika maana ya kwanza, mb ni mwanzo wa mzizi. Katika maana ya pili, m- ni kiambishi cha ngeli, mabaki ya mu- ya kale, nacho hubeba mizani yake. Sababu hiyohiyo ndiyo inayotenga "mbuzi" yenye mizani mbili na "mbuyu" yenye tatu.

Fanksheni inayopokea herufi pekee haiwezi kuwa sahihi kwa "mbuni" zote mbili, kwa kuwa herufi ni zilezile. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba majaribio 1,000 au 1,000,000 ya maneno ya nasibu hayatalifichua hilo. Kizalishi kiliundwa na mtu aliyeamini kwamba mb huwa daima sehemu ya silabi inayofuata, nayo fanksheni iliandikwa kwa imani hiyohiyo. Kila neno litakalozalishwa litaafikiana na fanksheni. Kompyuta itatangaza ushindi, na ushindi huo utakuwa mwangwi wa ujinga wa aliyeipanga.

Madhara yake yanaonekana katika kipande hiki cha kubuni: "kapanda mbuni wake", kwa maana kwamba mtu alipanda mti wake wa buni. Hesabu sahihi ni ka-pa-nda-m-bu-ni-wa-ke, mizani nane. Fanksheni itahesabu "mbuni" kuwa mbili na kutoa saba. Mhariri anayeiamini ataona kipande kina upungufu. Ataona pia kwamba "kapanda" ni "akapanda" iliyokatwa, naye ataidhani kuwa kosa la mwandishi wa hati. Atairudisha a-, na fanksheni itasema nane. Kila kitu kitaonekana kuwa sawa, ilhali kipande sasa kina mizani tisa. Kosa limeingizwa kwa jina la usahihishaji, na chombo cha kupimia kimelithibitisha.

Dawa ya tatizo hili inapatikana katika lugha ileile ya mabano. Lisp ni lugha ya orodha, na neno la Kiswahili ni orodha ya mofimu. Badala ya kuipa fanksheni herufi zilizoshikana, inaweza kupewa neno lililochambuliwa:

(mizani (orodha "mbuni"))
(mizani (orodha "m" "buni"))

Jibu la kwanza ni 2, la pili ni 3. Kanuni inayobainisha kwamba kiambishi m- cha ngeli ni mizani kamili inapofuatwa na konsonanti sasa inaweza kuandikwa na kujaribiwa, na kizalishi kinaweza kuagizwa kuunda maneno yenye kiambishi hicho na yasiyo nacho. Lakini izingatiwe maarifa hayo yalitoka wapi. Hayakutoka katika nasibu. Yalitoka kwa msemaji anayeijua tofauti kati ya ndege na mti, na katika sarufi iliyoieleza tofauti hiyo.

6.0 Mafunzo kwa Mhariri na Mwanafunzi

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, uhuru wa kishairi wenyewe unaweza kuelezwa kama sifa zinazopimika. Inkisari haina budi kupunguza mizani, kama "akanena" inapokuwa "kanena". Mazida haina budi kuongeza, kama "mwezi" inapotamkwa "muwezi". Tabdila hubadili umbo bila kugusa idadi, kama "dunia" inapoandikwa "duniya". Istilahi hizi, zilizozoeleka kukaririwa kwa ajili ya mtihani, zinageuka kuwa kauli zinazoweza kukanushwa au kuthibitishwa kwa neno lolote.

Pili, kizalishi ndicho kinachobeba lahaja. Kizalishi kilichoundwa kwa kufuata Kiswahili sanifu kitaipima kanuni kwa Kiswahili sanifu, hata kama tungo zinazohusika ni za Pate au Siyu. Maneno yenye asili ya Kiarabu ni mfano mwingine. "Sultani" ina silabi tatu ikigawanywa sul-ta-ni, lakini mshairi anaweza kuitamka "sulutani" na kupata nne. Anayeunda kizalishi bila kuuliza wanavyosema wenyewe, amekwisha amua jibu.

Tatu, kompyuta isipewe mamlaka ya kusahihisha. Kazi yake iwe kuonyesha vipande vinavyostahili kutazamwa upya. Pale inapotoa saba mahali pa nane, swali la kwanza lisiwe "mshairi alikosea wapi?" bali "kanuni yetu haijui nini?" Inafaa kipande hicho kipelekwe kwa mghani wa Lamu, Siyu au Faza, kikaghaniwe kwa mahadhi yake. Kikikaa sawa kinywani mwake, kanuni ndiyo inayodaiwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upimaji wa sifa kwa thamani za nasibu ni mbinu yenye manufaa kwa mwanafunzi wa arudhi. Unamlazimisha kuitamka kanuni yake bila kuacha pengo, na unamletea mifano midogo na dhahiri ya kushindwa kwake, kama "mta", "mba" na "kala". Kila mmoja wa mifano hiyo umeongoza kwenye suala halisi la fonolojia, uhariri au lahaja.

Aidha, imedhihirika kwamba mbinu hii hupima uhusiano kati ya kanuni na sifa iliyotajwa na mtafiti, wala haipimi uhusiano kati ya sifa hiyo na lugha yenyewe. Pengo hilo la pili huzibwa na wasemaji. Bwana Mwengo, Sayyid Abdalla na Mwana Kupona hawapo tena kuulizwa. Waliobaki ni wanaozighani tungo zao na kuisema lahaja yao. Mtafiti anayeiwasha kompyuta kabla ya kuwasikiliza atapata majibu ya haraka, tena yanayoafikiana. Litakalokosekana ni uhakika kwamba yanahusu ushairi aliokusudia kuuchunguza.